Kipande cha Springi Kilichonitaja

Mama mdogo ndiye aliyekuwa ndani ya gari, kwa hiyo sehemu hii naisimulia kwa mdomo wake. Julai 2009, asubuhi ya ukungu, Hiace ya mjomba inashuka kutoka Kibosho kwenda Moshi mjini. Akasikia "teng!", mlio mkavu, akadhani konda amedondosha spana. Kufumba na kufumbua gari likaanza kutembea upandeupande kama kaa, mkia unavuta bondeni, pua inaelekea ukingoni. Dereva akapigana na usukani, akaona bora shamba la watu kuliko korongo, wakaishia katikati ya migomba. Hakuna aliyeumia. Trei mbili za mayai zilikwisha zote, na mwenye shamba alidai fidia ya mikungu minne, ingawa mama mdogo anaapa mpaka leo kwamba iliyoanguka ilikuwa miwili.

Jani la juu la springi ya nyuma, upande wa kulia, lilikuwa limekatika. Hilo ndilo jani lenye masikio mawili, lile linaloshika ekseli isiende mbele wala isirudi nyuma. Majani ya chini yake yanasaidia kubeba mzigo tu. Likikatika la juu, tairi la nyuma halijui tena linaelekea wapi.

Kufika jioni kila mtu alikuwa na sababu yake mkononi. Mjomba: dereva amejaza watu kama magunia. Dereva: springi ni feki, tangu lini springi halisi ikakatika bila shimo? Bibi: ni baridi ya Julai, hata mifupa yake yeye ilikuwa inalia wiki nzima. Jirani mmoja alitaja jicho, akanyamazishwa, lakini alikuwa ameshasema. Fundi aliyekuja kulivuta gari aliinama, akatazama sekunde mbili, akafuta mikono: "Chuma kimechoka."

Mwenye gari ndiye mwenye sababu. Dereva aliachishwa kazi siku hiyohiyo.

Mimi nilikuwa Arusha, nasoma ufundi mitambo. Nilikuja nyumbani wikiendi iliyofuata, si kwa ajili ya springi, bali kwa ajili ya mashine ya mama. Na ni mama aliyenituma gerejini: "Nenda kwa mjomba wako ukachukue lile jani kabla hawajaliuza kwa wanunua chuma chakavu. Litatoka nyundo sita pale."

Niwaeleze kwanza habari ya nyundo, maana bila mashine ya mama kile kipande kisingefika mikononi mwangu, na huenda ningelala usingizi mzuri zaidi miezi ile.

Mashine ya kusaga ya mama ilikuwa ya nyundo. Ndani yake kuna vibao vya chuma, urefu kama kiganja, vimening'inia kwenye pini na vinazungushwa mara elfu mbili hadi tatu kwa dakika. Hindi likiingia linapigwa mpaka lipite kwenye matundu ya chekeche. Fundi wetu alikuwa anazikata nyundo hizo kutoka kwenye majani ya springi za malori, kwa sababu chuma cha springi ni kigumu na kinapatikana bure, au karibu na bure. Kila nyundo ina pembe nne. Pembe moja ikilika na kuwa mviringo, unaigeuza. Ukimaliza zote nne, nyundo imekwisha kazi.

Mama hakuwahi kufungua mashine ili aone kama nyundo zimelika. Alijua kwa kiganja, anachota unga, anausugua kwa dole gumba, anasikia chenga. Alijua pia kwa dizeli, lita zilezile zinasaga madebe machache. Hapo ananiita: "Baba, zima. Geuza nyundo." Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni tulifundishwa kanuni ya Mwingereza aitwaye Archard, ya mwaka 1953: chuma kinachosuguliwa hupotea kwa kadiri ya mzigo unaokibana na umbali kinaosuguana, na hupotea kidogo zaidi kadiri kinavyokuwa kigumu. Nikamsimulia mama. Akaniuliza kama huyo bwana alisema chochote kuhusu mchanga. Kwa sababu yeye alikuwa na ugomvi wa kila wiki na wateja walioanika mahindi chini bila turubai. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha springi, kwa hiyo kila debe la mahindi ya chini lilikuwa kama kupitisha msasa ndani ya mashine. Aliwapepetesha kwanza, wakanuna, wengine wakahamia kwa jirani. Aliona heri hivyo.

Siku moja nilijiuliza kile chuma kinacholika kinaenda wapi. Nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaizungusha kwenye beseni la unga. Ilitoka na ndevu nyeusi. Mama alinitazama, akatazama foleni ya wateja, akasema kwa sauti ya chini nikaiweke hiyo kitu mfukoni.

Hicho ndicho kulika. Nina heshima nacho kwa sababu hakimvizii mtu. Kinakutumia salamu kila siku, kwenye unga, kwenye mlio, kwenye bili ya mafuta. Breki hupiga kelele kabla hazijaisha, tairi inaonyesha kipara, beringi inaanza kuimba. Ukiumizwa na kitu kilicholika, mara nyingi ulikuwa umepewa taarifa.

Kutu nayo ni ndugu yake, na Kiswahili kimeshaliona hilo: kimoja kinalika, kingine kinaliwa, wote ni watoto wa kitenzi kimoja. Lakini anayekula ni tofauti. Kutu si msuguano. Ni biashara ya umeme inayofanyika kimyakimya kati ya chuma, maji na hewa. Chuma kinatoa chaji, oksijeni iliyomo majini inapokea, kinachobaki ni ule unga mwekundu. Ukiondoa maji au ukiondoa hewa, biashara inafungwa. Ndiyo maana wazee wanapaka oili chafu kwenye jembe la plau, na wako sahihi kabisa.

Mimi kutu niliifahamu kwa babu, kabla ya shule yoyote. Babu alikuwa na kahawa, na kahawa ina ugonjwa unaoitwa kutu ya majani, madoa ya rangi ya chungwa chini ya jani. Na kuna chulebuni inayoozesha tunda. Dawa yake ya miaka yote ilikuwa mrututu, yale mawe ya buluu mazuri ambayo mtoto akiyaona anataka kuyalamba. Mrututu una shaba ndani yake. Siku moja pipa la plastiki likawa limeazimwa, nikaona nimsaidie, nikauloweka mrututu kwenye ndoo ya bati mpya kabisa. Asubuhi ndoo ilikuwa na rangi ya shaba ndani, nzuri, kama imepigwa nakshi. Nilidhani nimegundua dhahabu. Babu aliinyanyua, akaitazama juani, akanionyesha vitundu vya mwanga chini. Shaba iliyokuwa kwenye maji ilikuwa imenyang'anya chaji kutoka kwenye zinki na chuma cha ndoo, ikakaa yenyewe pale ukutani, na ndoo ikaondoka na maji. Dawa ya kutu ilikuwa imeleta kutu. Babu hakunipiga. Alinifanya nibebe maji kwa ndoo ileile mpaka nilipochoka kulowa miguu.

Bati la nyumba linaishi kwa kanuni hiyohiyo iliyogeuzwa. Zinki inakubali kuliwa ili chuma kilicho chini yake kisiguswe, hata pale palipochubuka. Zinki ikiisha, ndipo chuma kinaanza kulipa. Kwa hiyo mtu anayekuuzia bati la geji 30 na kukusifia rangi yake muulize habari ya zinki. Nimalize hapo, nyumba si mada yangu leo.

Mada yangu ni lile jani.

Nilipofika gerejini vijana walikuwa wanafanya kile ambacho kila mtu hufanya na kitu kilichovunjika: wanavishikanisha vipande viwili na kuvisugua waone kama vinaingiana. Naomba, kama hutakumbuka lolote katika makala hii, ukumbuke hili. Usifanye hivyo. Pale palipokatika pameandikwa maneno madogo sana, na kila ukivisugua unayafuta. Niliwanyang'anya kwa jazba kidogo, nikaufunga uso wa kipande kimoja kwa kitambaa kikavu, nikakitia begini. Kingine kilikuwa kimeshapondwa na nyundo. Mama nilimwambia jani halina ubora wa kukata nyundo. Sikumdanganya, nilikuwa sijui tu kwa nini.

Chuoni Arusha tulikuwa na mwalimu wa metali, mzee wa makamo aliyependa vitu vilivyovunjika kuliko vizima. Nilimpelekea. Hakuuliza gari la nani. Aliuliza watu walisemaje, nikamtajia wote, mpaka yule wa jicho. Akacheka, akavuta kiti: "Haya, tuwaite mmoja mmoja. Tuanze na bibi yako, maana watu wanamdharau bure."

Akanisimulia habari ya meli ya mafuta iliyoitwa Schenectady. Tarehe 16 Januari 1943 ilikuwa imefungwa gatini, Portland huko Marekani, maji yametulia, hakuna wimbi wala mzigo wa ajabu. Usiku wa baridi ikapasuka karibu vipande viwili kwa mlio uliosikika mbali. Chuma kile kilikuwa na tabia ya kulegea na kupinda kwenye joto, lakini kwenye baridi kinageuka kuwa kama kioo. Na kwa kuwa meli zile zilikuwa zimechomelewa badala ya kupigwa ribiti, ufa ulioanza sehemu moja haukukuta ukingo wa bamba wa kuusimamisha. Ulizunguka karibu meli nzima. "Kwa hiyo baridi inaua chuma," mwalimu alisema, "lakini si baridi ya Kibosho, na si kwa jani lililoishi Julai ngapi sijui. Mwambie bibi namheshimu, ila hapana."

Dereva naye, na springi yake feki. Tulikwangua kipande kwa tupa, kisha tukakipima ugumu kwenye mashine ya chuo, pamoja na kipande cha springi nyingine inayojulikana. Havikutofautiana. Chuma kilikuwa chuma.

Kuhusu jicho, mwalimu alisema maabara haina kipimo.

Akabaki mjomba na fundi. Mwalimu alikifungua kitambaa, akakiweka kipande chini ya taa ya pembeni, ile inayolaza kivuli. "Soma."

Uso ulikuwa na sehemu mbili, kama nchi mbili kwenye ramani moja. Karibu yote ilikuwa laini, na juu yake palikuwa na mistari ya upinde, mmoja ndani ya mwingine, kama ile ambayo maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu yanaacha kwenye tope yakishuka wakati wa kiangazi. Sehemu iliyobaki ilikuwa na chembechembe, inameta, rangi ya kijivu, kama sukari guru iliyovunjwa. Mafundi wa zamani wa Ulaya walipoona chembe hizo kwenye ekseli za treni walidhani chuma kimegeuka ndani kwa ndani, kimekuwa kama chumvi kwa sababu ya kutikiswa. Si kweli. Chembe zilikuwepo siku zote. Zinaonekana tu kwa sababu sehemu ile ilikatika kwa mara moja.

Ile laini ndiyo yenye hadithi. Umeshawahi kumwona muuza vitambaa sokoni akikukatia mita mbili? Hasumbuki na mkasi mpaka mwisho. Anakata kidogo tu pembeni, anashika pande mbili, anavuta: chaaa! Kitambaa ambacho wanaume wawili wasingeweza kukichana kinachanika kwa mikono yake, kwa sababu ya ule mkato mdogo. Nguvu yote ya mikono inakusanyika pale kwenye ncha ya mkato, na nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine, hazipati nafasi ya kusaidiana. Fundi wa vioo anajua siri hiyohiyo, anachora kioo kwa kalamu ya almasi kisha anagonga. Mwaka 1921 Mwingereza Griffith alieleza kwa hesabu kwa nini kioo ni dhaifu kuliko inavyopaswa: kina nyufa ndogo zisizoonekana, na kila ufa ni mkato wa muuza vitambaa.

Sasa chukua ufa kama huo, uweke kwenye springi, halafu usivute mara moja kwa nguvu. Vuta kidogo, achia, vuta, achia. Kila tuta ni mvuto mmoja. Tuseme barabara ya Kibosho ina kilomita 15 na gari linaruka kila baada ya mita 10. Hiyo ni miruko 1,500 kwa safari. Safari nane kwa siku ni 12,000. Kwa miezi mitatu umepita milioni moja, na hapo hujawahi kujaza gari hata siku moja. Kila mruko ufa unasogea kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Mistari ile ya upinde ni vituo vyake, pale uliposimama au ulipobadilisha mwendo.

Dunia ililijua hili kwa vifo. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya injini ya treni ilikatika kwenye njia ya Versailles kwenda Paris, mabehewa yakapandana na kuwaka moto huku milango imefungwa kwa nje, na watu wasiopungua 50 wakafa. Ekseli haikuwa imelika wala haikuwa na kutu ya kutisha. Baadaye Mjerumani August Wöhler, mtu wa reli, alitumia miaka mingi kuzungusha ekseli kwenye mashine zake na kuhesabu. Alionyesha kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule kinaoweza kuubeba mara moja, mradi urudiwe vya kutosha. Kwa hiyo fundi wetu wa Kibosho, aliyetazama sekunde mbili na kusema "kimechoka", alikuwa sahihi. Nilimchukia kidogo kwa kuwa sahihi bila kujitahidi. Ila hakuuliza swali la pili: kimechoshwa na nini, na kuanzia wapi?

"Mjomba wako je?" mwalimu aliuliza.

Nilitazama tena. Kama gari lingekuwa linajazwa kupita kiasi, ufa usingepata muda wa kwenda mbali, jani lingekatika mapema na ile sehemu ya chembechembe ingekuwa kubwa. Hapa ilikuwa ndogo. Jani lilikaribia kukatika lote kabla halijashindwa, maana yake mzigo wa siku ile ulikuwa wa kawaida. Dereva hakujaza. Au alijaza kama wanavyojaza wote.

Kulikuwa na jambo jingine. Sehemu laini haikuwa na rangi moja. Theluthi ya kwanza, karibu na ukingo wa juu, ilikuwa ya kahawia iliyokolea. Kutu ilikuwa imeingia ndani ya ufa. Mvua za masika Moshi zinanyesha Machi mpaka Mei, Juni na Julai ni ukungu na manyunyu tu. Ufa ule ulikuwa umefunguka kiasi cha kunywa maji ya masika. Na maji yakishaingia, kutu na uchovu vinaanza kusaidiana, kimoja kinakula ncha ya ufa, kingine kinaivuta.

Mwalimu alinieleza hapo habari ya daraja la Silver Bridge, Marekani, lililounganisha Ohio na West Virginia tangu 1928. Tarehe 15 Desemba 1967, jioni ya foleni, likaanguka mtoni na kuua watu 46. Waliopeleleza waliopoa vyuma kutoka majini na kuvipanga ufukweni kama mtu anayepanga mifupa ya marehemu, mpaka wakafika kwenye chuma kimoja chenye tundu kichwani. Ndani ya tundu lile palikuwa na ufa wa kutu na uchovu, kina chake karibu milimita 2.5. Mahali ulipokuwa hapakuonekana bila kulifungua daraja lenyewe. Vyuma vya namna ile vilikuwa viwili tu kwa kila hatua, kimoja kilipokatika cha pili hakikuweza. Springi ya Hiace, kwa ufukara wake, ina majani mengi. Ndiyo maana abiria wa mjomba waliishia kwenye migomba na si kwenye habari ya saa mbili usiku.

"Sasa nionyeshe," mwalimu alisema, "ulianzia wapi."

Mistari ya upinde inaelekeza. Ukiirudisha nyuma, kama mtu anayerudisha mawimbi ya kisimani mpaka pale jiwe lilipodondoka, unafika sehemu moja. Nilitegemea iwe kwenye tundu la senta bolti, ile ya katikati inayofunga majani pamoja, maana nyufa nyingi za springi huzaliwa kwenye matundu. Haikuwa hapo. Ilikuwa sentimita kadhaa pembeni, ukingoni juu, kwenye kidoa kidogo kama punje ya njegere, chenye uso uliomwagika kidogo na kuganda.

Mwalimu aliweka lenzi. "Kuna mtu amegusisha rodi hapa."

Nilijua kabla hajamaliza.

Machi mwaka ule nilikuwa fildi kwenye gereji moja Majengo, na mjomba alileta Hiace kwa sababu waya wa handibreki ulikuwa unaning'inia. Nilipewa kazi ya kuchomelea kibanio kidogo kwenye chasisi, karibu na springi. Kila aliyewahi kushika mashine ya kuchomelea anajua rodi mpya haiwaki vizuri mara ya kwanza. Unaikwangua kwanza kwenye chuma chochote kilicho karibu, kama unavyowasha kiberiti. Niliikwangua kwenye springi. Haikuchukua hata sekunde. Cheche, nikahamia kwenye chasisi, nikachomelea kibanio kizuri sana. Mjomba alinisifu.

Kinachotokea katika sekunde ile ni hiki. Kidoa kinayeyuka, lakini kimezungukwa na jani zima la chuma cha baridi linalonyonya joto lake papo hapo. Chuma cha springi kikipozwa ghafla namna ile kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kigae, mara nyingi na nyufa ndogo tayari ndani yake. Nilikuwa nimemkatia muuza vitambaa ule mkato wa pembeni. Barabara ya Kibosho ikashika pande mbili na kuvuta, mara milioni.

Tuna methali ya ufa na ukuta, na watu wa gereji wanaipenda sana, wanaiamini kiasi kwamba wakiona ufa kwenye chuma wanauziba kwa rodi. Methali ile ni ya nyumba ya udongo. Kwenye springi, kuziba ufa kwa kuchomelea ni kuuzaa upya mahali pa jirani. Jani lenye ufa linabadilishwa, basi. Kwenye bamba la kawaida unaweza kutoboa tundu dogo la mviringo mwishoni mwa ufa ili ncha yake ipotee, ukanunua muda. Lakini pale maabara sikuwa nawaza methali. Nilikuwa nawaza dereva.

Nilikaa na kipande kile kuanzia Agosti mpaka Desemba. Nilikipaka grisi, nikakiweka kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda bwenini. Nilijiambia nasubiri nafasi nzuri. Nilijiambia pia kwamba mjomba hataelewa mambo ya lenzi. Yote mawili yalikuwa uongo, mjomba anaelewa vyuma kuliko mimi.

Desemba Wachaga tunapanda mlimani kuhesabiwa, kama watani wetu wanavyosema. Nyumba ilijaa. Usiku wa mkesha nilimpigia dereva kwanza. Alikuwa amepata kazi ya trekta mashambani huko Arusha Chini. Nilimweleza, nikasikia injini inazimwa upande wa pili. "Nilimwambia mjomba wako sikujaza," alisema. Nikamwambia nitamrudishia jina lake. Akaniuliza kama jina linarudi na miezi mitano ya mshahara.

Siku ya Krismasi, baada ya nyama, nilimshika mjomba kando. Shikamoo, marahaba, nikafungua kopo. Alikichukua kipande, akakifuta grisi kwa leso yake mpya, akakiinamisha juani kama babu alivyoinamisha ile ndoo. Sikumwonyesha kidoa. Alikiona mwenyewe, akakigusa kwa ukucha.

"Hapa umekwangua rodi."

"Ndiyo, mjomba."

Alinyamaza muda mrefu. Watoto walikuwa wanarusha baruti uani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, kwa hesabu ya mikungu, kwa habari ya dereva. Hayo yote yalikuja baadaye, na mshahara ulilipwa, nusu yake na mimi. Lakini alichouliza kwanza ni kingine:

"Na ya kushoto?"

Springi ya kulia ilikuwa imebadilishwa Julai. Ya kushoto ilikuwa ileile. Nilijaribu kukumbuka Machi, kibanio, mkono wangu, rodi ngapi nilitumia. Sikukumbuka.

Kesho yake alikuwa na abiria wa kuwarudisha mjini. Tukavua mashati ya Krismasi, tukaingia chini ya gari na tochi. Kulikuwa na njia niliyoonyeshwa na mwalimu, ya mafundi wa reli wa zamani. Tulisugua jani kwa brashi ya waya, tukalilowanisha kwa mafuta ya taa, tukangoja yanyweke, tukalifuta likakauka kabisa. Bibi akatuletea chaki za wajukuu. Tukazisaga, tukapaka unga wake juu ya chuma chote mpaka kikawa cheupe. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki.

Mjomba alishika tochi. Tukalala chali, tukangoja.